Shamba la Ruhusa

Kabla ya Kibera kuwa mabati, ilikuwa msitu. Jina lenyewe, Kibra, ni la Kinubi na maana yake ni hiyo hiyo, msitu. Mwaka wa 1904 askari wa Kisudani waliotumikia King's African Rifles walianza kuwekwa pale na familia zao, na mwaka wa 1918 serikali ya kikoloni ikatangaza rasmi ekari 4,197 kuwa eneo la jeshi. Askari aliyemaliza miaka 12 ya utumishi aliweza kupewa karatasi iliyoitwa shamba pass. Kwa karatasi hiyo alijenga, akalima, akafuga.

Isome vizuri lakini. Haikuwa hati ya kumiliki. Ilisema tu kwamba jeshi linakujua, umetumika, kaa hapo ulime. Ardhi ilibaki ya serikali, na aliyekupa ruhusa leo anaweza kesho kuhamishwa, kustaafu, ama kukusahau.

Nimeiwaza karatasi hiyo mara nyingi, na si kwa sababu za kisomi. Mathe anauza mboga Kawangware karibu na steji ya 56, na kwa miaka miwili sasa anatafuta mahali pa kulima. Si ekari. Mistari mitatu ya sukuma na mmoja wa managu, basi, asiwe anaamka saa kumi usiku kila siku kufuata mboga sokoni kwa bei ya mtu mwingine. Upande wa Gatina kuna bustani ya kikundi, ndani ya ua wa kanisa fulani, imekatwa vipande vya hatua nne kwa tano, kila mama na chake. Mimi niliacha chuo mwaka wa tatu karo ilipotushinda, siku hizi naandika vibarua vya mtandaoni, kwa hivyo asubuhi zangu ni zangu. Ndiyo maana nilitumwa mimi kwenda kuuliza.

Mama mwenyekiti alinipokea vizuri, akanipa hata kiti. Akafungua kaunta buku. Majina ya wanaongoja yalijaza kurasa mbili, mengine yamekatwa kwa kalamu nyekundu, na si kwamba walipata, walihama tu.

"Kipande hakitoki hivi hivi, kijana," akaniambia. "Mtu akirudi ushago, ama Mungu amchukue, hapo ndio tunaangalia kitabu."

Nikamuuliza mathe atakuwa namba ngapi.

"Mama yako ni nani hapa? Nani anamjua?"

Halikuwa swali la dharau. Kikundi hakina hati ya ule ua, wamepewa kwa mdomo. Wakimwingiza mtu asiyefahamika, aweke kibanda cha chipsi badala ya mboga, watafukuzwa wote. Mwenyekiti alikuwa anachunga ruhusa ambayo hata yeye ameazimwa. Lakini nilipokuwa nikitembea kurudi nyumbani swali hilo halikuniacha, kwa sababu nilikuwa nimeshalisoma mahali. Nani anakujua hapa? Ni swali lile lile ambalo shamba pass ilikuwa inajibu. Nairobi, udongo haujawahi kuwa shida sana. Shida imekuwa ni nani wa kukuruhusu uuguse, na ataendelea kukujua hadi lini.

Wanubi wa Kibera, kwa mfano, walijulikana vizuri sana, hadi siku ambayo hawakujulikana tena. Mwishoni mwa miaka ya 1920 jeshi liliacha kusimamia eneo lile, likawaachia maofisa wa kiraia, watu ambao hawakuwa wamepigana vita na yeyote kati yao. Miaka ya 1930 ikaja Tume ya Ardhi ya Kenya, ile ya Sir Morris Carter, ikaamua kwamba Wanubi ni wapangaji wanaokaa kwa hiari ya Serikali ya Mfalme, ingawa serikali ina deni la kuwaangalia. Yaani wageni wa heshima. Mgeni wa heshima hapimiwi ardhi, anapewa chai.

Kuanzia hapo eneo likaanza kumegwa. Ukitaka kuona ekari 4,197 zilikwenda wapi, tembea tu: estate za Ayany, Olympic, Karanja, Fort Jesus, Jamhuri. Zote ni majina ambayo watu wengi hawayahesabu kuwa Kibera kabisa, na wenyeji wake wengine hukasirika ukiwahesabia.

Kuna kitu lakini ambacho hakisemwi sana katika hadithi hii. Bustani za Kibera hazikuuawa na serikali peke yake. Fikiria wewe ndiye mwenye karatasi inayoweza kufutwa wakati wowote. Mahindi yanataka miezi minne au mitano na mvua. Mwembe unataka miaka. Chumba cha udongo na bati kinalipa mwisho wa mwezi huu. Mtu asiye na uhakika wa kesho hujenga kile kinachorudisha pesa haraka, na Wanubi wengi walifanya hesabu hiyo mapema: kwanza pombe, ile iliyojulikana mji mzima kama Nubian gin, halafu vyumba vya kukodisha kwa wafanyakazi waliokuwa wakimiminika mjini bila pa kulala. Baada ya uhuru wakaja wajenzi wengine wasiokuwa Wanubi, wakijenga kwa ruhusa ya chifu, ruhusa ambayo haikuandikwa popote na haikuwa ya bure. Shamba likawa ua, ua ukawa chumba, na chumba kikaongezewa kingine mgongoni.

Mzee mmoja wa Makina alinikaribisha kahawa barazani kwake. Nilimwambia natafuta habari za mashamba ya zamani. Akacheka, akanyoosha kidole chini ya kiti changu.

"Hapo ulipokaa, kijana wangu, palikuwa bamia za marehemu mama."

Nikageuka kuangalia. Ukuta, nguo zimeanikwa, mtaro.

Mwaka wa 2017 Rais Uhuru Kenyatta aliwakabidhi Wanubi hati ya ardhi ya jumuiya, ekari 288. Ni chini ya asilimia 7 ya zile za 1918, na ilichukua miaka 113 tangu askari wa kwanza wafike. Mzee yule anaiheshimu hati hiyo, na sioni mtu wa kumlaumu. Lakini wengi wa wakazi wa Kibera ni wapangaji, na kwa mpangaji hati hiyo haikubadilisha chochote. Bado lazima amuulize mtu.

Hapa mtu wa Kawangware atasema: hiyo ni shida ya Kibera, ardhi ya serikali, sisi huku ardhi ina wenyewe. Ni kweli, na ndio sababu nataka kuziweka hizi mbili pamoja. Kutoka Kibera hadi Kawangware ni mwendo wa kutembea, unavuka tu Ngong Road, lakini historia ya ardhi ni kama ya nchi mbili.

Dagoretti, pamoja na Kawangware, ilikuwa sehemu ya hifadhi ya Wakikuyu, chini ya Kiambu. Iliingizwa Nairobi mipaka ya jiji ilipopanuliwa mwaka wa 1963. Kabla ya hapo ardhi ilikuwa ya mbari, ukoo, na ndani ya mbari kulikuwa na mtu aliyeitwa muhoi. Muhoi hakuwa wa ukoo. Alikuja akaomba pa kulima, akapewa kwa urafiki. Hakulipa kodi. Alileta pombe ya heshima, akasaidia kujenga nyumba, akatoa mkono kulipokuwa na kazi. Nani anakujua? Ukoo fulani unanijua. Ilitosha, na mtu aliweza kulima hivyo miaka mingi.

Halafu zikaja Hali ya Hatari ya 1952 na Mpango wa Swynnerton wa 1954. Vipande vilivyotawanyika vikaunganishwa, vikapimwa, vikaandikwa kwa jina la mtu mmoja mmoja. Lengo lililosemwa lilikuwa mkulima mwenye hati, mwenye mkopo, mwenye kahawa. (Kahawa ni kichekesho chake. Ng'ambo tu ya Kawangware, pale St. Austin's, wamisionari Wakatoliki walikuwa wameipanda tangu mwisho wa karne ya 19, na Mkikuyu wa jirani alizuiwa kuilima kwa miongo mingi. Siku hizi upande ule unaitwa Lavington na zao lake kubwa ni nyasi za kukatwa kwa mashine.) Katika rejista mpya hapakuwa na safu ya muhoi. Urafiki haupimwi na mpima ardhi. Wengi waliokuwa wakilima kwa kujulikana waliamka wakajikuta hawana pa kulima, na wengine wakageuka wapangaji mjini.

Kwa hivyo mwenye ardhi wa Kawangware alipata kile ambacho Mnubi alinyimwa: hati, jina lake, uhakika wa kesho na mtondogoo. Na akafanya nini? Akajenga vyumba. Hapa ndipo maelezo kwamba watu wa mtaa hawalimi kwa sababu hawana hati yanapoanza kuyumba. Hati ilikuwepo na bustani bado ikafa.

Hata lugha ilifuata. Ukiuliza mtu kwetu "unakaa ploti gani?" hakuna anayefikiria shamba. Ploti ni mstari wa vyumba, bomba moja, geti la bati, na keateka anayejua nani hajalipa. Neno lilihama na ardhi yenyewe.

Hesabu ni rahisi mno. Chumba cha futi kumi kwa kumi kwetu ni kama elfu nne kwa mwezi. Mahali hapo hapo, ukiacha sentimita 45 kati ya mche na mche, zinaingia sukuma kama 45. Zikikubali sana utachuma mafungu 90 kwa mwezi, ya shilingi ishirini ishirini, hiyo ni 1,800, na hujanunua maji wala mbolea. Mwenye ploti si mtu mbaya. Anajua kuhesabu tu. Mathe pia anajua, na ndiyo maana hajawahi kumwomba yule wetu ardhi, aliomba pembe.

Waingereza walioandika sheria za mji huu walijua njia nyingine, na hili ndilo huniudhi. Mwaka wa 1908, kwao, walipitisha sheria ya mashamba madogo na bustani za kukodisha: watu sita tu, wapiga kura au walipa kodi, wakiandikia baraza lao kwamba wanahitaji pa kulima, baraza lazima lilizingatie ombi, na uhitaji ukithibitika lazima litafute ardhi. Watu sita! Hata leo London foleni za vipande hivyo ni ndefu na watu hungoja miaka. Lakini mtu anangoja nyuma ya sheria. Hangoji jirani arudi ushago.

Sisi tuliletewa kitu kingine. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, ilimwezesha waziri kupiga marufuku mmea wowote mjini, na hata maili tatu nje ya mpaka, ikionekana kilimo hicho kinahatarisha afya. Kwa miaka mingi kisingizio kilikuwa mahindi: yanaficha wezi, yanazaa mbu. Mbu wa malaria hutaga kwenye madimbwi ya chini, si kwenye jani la hindi, lakini hilo halikuwazuia kanjo kufyeka. Mwanajiografia Donald Freeman aliwafuata wakulima hawa mwaka wa 1987, wale wa kando ya barabara, ya mito, ya reli, na mwaka wa 1991 akatoa kitabu akikiita A City of Farmers. Wengi wa aliowakuta walikuwa wanawake, wakilima ardhi isiyokuwa yao. Mji uliokataza kilimo ulikuwa umejaa wakulima, na kila mmoja wao alikuwa akipanda kitu anachoweza kukipoteza asubuhi moja.

Sasa njoo 2008. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 Kibera iliwaka. Soko la Toi liliteketea, reli iling'olewa, na kwa wiki kadhaa mboga haikuingia au iliingia kwa bei ya nyama. Mwaka huo huo shirika la Kifaransa la Solidarités likaanza kusambaza wazo la gunia. Kama hujawahi kuliona, ni hivi. Chukua gunia la kilo 90. Weka debe lisilo na mfuniko wala kitako katikati, lijaze mawe madogo, uzungushie udongo na samadi, kisha vuta debe juu, jaza tena mawe, tena udongo, hadi juu. Ukimaliza, katikati una mnara wa mawe wa kupitisha maji. Toboa matundu ubavuni, panda miche. Gunia moja linabeba miche kama shamba dogo na linasimama mahali pa ndoo.

Vijana wa Laini Saba nao, mwaka ule ule, walisafisha jaa la takataka karibu na reli wakageuza kuwa shamba la mboga, na picha zao zikazunguka dunia nzima. Nilikuwa mtoto, nakumbuka kuona kwenye TV na kufikiri, kumbe inawezekana.

Nimesoma sifa nyingi za gunia na nyingi ni za haki. Linalisha. Lakini gunia ni jibu la kihistoria pia, na mtu akilisifu tu kama ubunifu wa maskini analikosea. Gunia ni shamba lililokubali kwamba ardhi haitapatikana. Linajibu swali la mwenyekiti kwa kulikwepa: hakuna anayenijua hapa, sawa, basi nitalima kitu ninachoweza kukibeba nikifukuzwa. Julai 2018, mabuldoza yalipopita Kibera kutengeneza barabara ya kuunganisha Ngong Road na Langata, shule na nyumba zilianguka kwa siku moja. Gunia angalau lina masikio ya kushikia.

Na hata gunia linahitaji ruhusa. Mathe aliweka mawili kando ya bomba. Yalikaa wiki tano. Keateka alikuja akiwa na aibu usoni, akasema, "Mama, si mimi, mwenye ploti anasema ukuta unashika unyevu." Yakahamia juu ya tangi la choo, ambapo kuku wa jirani waliyamaliza.

Kwenye karatasi mambo yamekuwa mazuri. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa na kupata chakula cha kutosha. Mwaka wa 2015 Kaunti ya Nairobi ikapitisha sheria ya kukuza na kusimamia kilimo cha mjini, inayotaka hata wakazi wa mitaa iliyosongamana wapewe kipaumbele. Baada ya miaka yote ya kufyekwa hiyo si ndogo, na nawapa heshima waliopigania. Lakini sheria inaweza kukuruhusu kulima bila kukuonyesha wapi. Ardhi ya Kibera bado ni ya serikali, au ya reli, au ya amana. Ya Kawangware ina wenyewe. Kipaumbele kinasimama katikati ya hizo mbili kikiwa na jembe mkononi.

Kuhusu kaunta buku: mathe aliandikwa. Shosho mmoja anayenunua managu kwake alikubali kusema anamjua, akaenda mwenyewe hadi kwa mwenyekiti. Sasa ni namba 31. Mwaka jana ilisonga mara mbili.

Mwezi uliopita nilishuka hadi Nairobi Dam, chini ya Kibera. Bwawa hilo lilijengwa mwaka wa 1953 na kuna wakati watu walikuwa wakiendesha mashua za tanga pale. Mto wa Ngong umelijaza matope na kila kitu kinachotoka mtaani, magugu maji yakafunika sehemu iliyobaki, na pale palipokauka watu wanalima. Nduma, miwa, mahindi. Hakuna ua, hakuna kitabu. Nilimkuta mama amezama hadi magotini, anang'oa nduma na kuzisuuza katika maji ambayo afadhali nisiyaeleze.

"Mama, hapa ulipewa na nani?"

Aliniangalia kama mtu wa kaunti, viatu kwanza, halafu simu niliyoshika.

"Sikupewa. Maji yalirudi nyuma, nikaingia."

"Na wakija?"

"Walishakuja." Akatupa nduma nyingine kwenye beseni. "Unanunua ama unauliza?"

Nikanunua za mia.